Boda: Kutoka Mpakani Busia Hadi Ziwa la Ng'ombe

Katika wadi ya Ziwa la Ng'ombe, eneobunge la Nyali mjini Mombasa, neno "boda" lina kazi nyingi. "Boda imezima" ni pikipiki. "Boda amechelewa" ni mwendeshaji. "Anafanya boda" ni riziki yake, na "nitumie na boda" ni njia ya kufikisha mzigo. Msikilizaji hababaiki: kitenzi chenyewe humwambia kama anayetajwa ni mtu au ni chombo.

Asili yake ni "border" ya Kiingereza, iliyotoka katika Kifaransa cha kale ikiwa na maana ya ukingo. Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kwa pindo la kitambaa, kwa tuta la maua pembezoni mwa bustani na kwa mpaka wa nchi. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyotufikia, tena kupitia Busia.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya, mwingine Uganda. Tangu miaka ya 1960, vijana wa huko waliwapakia wasafiri kwenye baiskeli na kuwapitisha kati ya vituo vya mpaka vya pande mbili, wakinadi, "Boda, boda!" Mwito wa kutafuta abiria ukageuka jina la chombo, na jina likasambaa Afrika Mashariki.

Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250. Bei ikashuka, na pikipiki ikashika nafasi ya baiskeli. Nyali na jirani yake Kisauni zilikuwa na haja nayo: matatu hufuata barabara kuu, lakini nyumba nyingi ziko ndani ya vichochoro. Boda humfikisha mama na kikapu chake cha soko la Kongowea hadi mlangoni.

Kati ya maana zote, iliyo nzito zaidi ni ile ya mtu. Boda ni mtoto wa mtu, na mara nyingi ndiye tegemeo la nyumba. Sheria ya Trafiki, iliyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka avae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga, na abebe abiria mmoja tu. Ewe abiria, usimshawishi aivunje. Dai kofia yako, panda peke yako, na umwache aendeshe taratibu.