Vifaranga vya sato wanakufa siku ya kwanza? Fanya hivi kabla ya kuwaachia bwawani

Arusha. Umechimba bwawa, umejaza maji, umenunua vifaranga vya sato. Wamefika wazima kwenye mfuko, ukawamwaga moja kwa moja bwawani. Kesho yake unawakuta wanaelea tumbo juu. Hela imekwenda na maji.

Si kila mara kosa ni la muuzaji. Zile dakika chache za kuwahamisha zinaweza kuua, na kwa wafugaji wa Tengeru, Usa River na miteremko mingine ya Mlima Meru kuna mambo matatu ya kuangalia.

Baridi. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sato hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 hupunguza kula, na yakikaribia 10 anaweza kufa. Juni hadi Agosti bwawa hupoa, huku mfuko uliokaa ndani ya gari ukiwa na joto. Tofauti hiyo ya ghafla inamshtua samaki.

Magadi. Eneo hili ni la volkano, na baadhi ya maji yake yana magadi. Maziwa ya Momella ni mfano. Safarini, samaki hutoa amonia ndani ya mfuko, na amonia huwa sumu kali zaidi kwenye maji ya magadi.

Klorini. Maji ya bomba yana dawa inayounguza mashavu ya samaki. Yaache wazi walau siku mbili kabla ya kuleta vifaranga.

Hatua za kufuata

1. Waachie kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Bwawa limepata joto la mchana na oksijeni bado ipo ya kutosha.

2. Eleza mfuko juu ya maji ukiwa umefungwa, kivulini, kwa dakika 20 hadi 30. Joto la ndani na la nje litalingana.

3. Fungua, kisha ongeza kikombe cha maji ya bwawa kila baada ya dakika mbili au tatu, kwa dakika 15 hivi. Usichelewe zaidi. Hewa ya kaboni iliyokuwa ikipunguza ukali wa amonia hutoka mara tu mfuko unapofunguliwa.

4. Inamisha mfuko, waache watoke wenyewe. Kama ni tangi dogo, wachote kwa wavu laini na maji ya mfuko uyamwage nje.

5. Usiwape chakula mpaka kesho yake.

Alfajiri inayofuata nenda bwawani mapema, maana muda huo oksijeni huwa chini kabisa. Ukiwaona wanahema juu ya maji, ongeza maji mapya taratibu. Waliokufa watoe na uwahesabu, usije ukalisha samaki ambao hawapo.

Na kama bwawa ni jipya, usiagize mamia kwa pupa. Leta 10 kwanza, waweke ndani ya wavu humo humo bwawani kwa siku moja au mbili. Wakifa, umepoteza 10 tu na umejua maji yako yana shida.