Siku ya Kufunga Shule

Mwezi wa Desemba shule zinapofungwa hapa Same, mtoto hurudi nyumbani na ripoti mkononi. Mzazi hutazama nafasi aliyoshika, humpongeza au humgombeza, kisha madaftari huwekwa juu ya kabati. Baada ya siku chache kurasa zake zinafungiwa maandazi. Mwaka umekwisha, na masomo yake yamekwisha pamoja nao.

Wayahudi wana desturi tofauti, na sisi Wakristo tuliopokea Agano la Kale kutoka kwao yafaa tuifahamu. Kwao, anayemaliza kusoma kitabu kitakatifu hufanyiwa karamu ndogo iitwayo siyum, yaani ukamilisho. Katika shule zao nyingi za msingi, watoto wa madarasa ya mwanzo hupewa kitabu chao cha kwanza cha sala au cha Torati mbele ya wazazi, nao huimba na kusoma yale waliyojifunza. Katika sinagogi, siku ya Furaha ya Torati, husomwa mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Musa anapokufa, na siku hiyo hiyo huanza tena kusomwa kitabu cha Mwanzo. Kumaliza kwao ni kuanza.

Shule moja ya namna hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na baadaye wakaanzisha kazi Shigatini, Gonja, Vudee na Mbaga, walitumwa na chama cha misioni cha mji wa Leipzig, Ujerumani. Katika mji huo huo, mwaka 1912, rabi Ephraim Carlebach alifungua shule ya watoto wa Kiyahudi. Hivyo, wakati watoto wa Kipare walipokuwa wakifundishwa herufi za kwanza na walimu waliotoka Leipzig, watoto wa Leipzig nao walikuwa wakijifunza Torati kwa Kiebrania. Waliosoma huku na waliosoma kule walisoma habari za Ibrahimu yule yule.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto nchini kote, na watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa katika shule za serikali. Zilibaki shule zao wenyewe tu. Januari 1942 Wayahudi wa kwanza wa Leipzig walipakiwa katika treni na kupelekwa Riga. Kisha serikali ikaamuru kwamba ifikapo tarehe 30 Juni 1942 shule zote za Kiyahudi ziwe zimefungwa. Siku hiyo ya kufunga shule haikuwa na siku ya kufungua. Wengi wa watoto waliokuwa wamebaki waliuawa.

Lazima tuseme na jambo linalotuumiza. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu kikali dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe na marabi wakatazwe kufundisha. Miaka karibu 400 baadaye, watesi walikitumia kitabu hicho kujitetea. Mwaka 1984 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilikataa waziwazi maneno hayo ya Luther. Tunampenda aliyetupa Katekisimu, lakini hatulazimiki kuutetea uovu wake. Mtoto mwema hukiri deni la babaye.

Karibu nasi kuna habari nyingine. Huko Mbale, Uganda, mwaka 1919, Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita na Mkristo, aliamua kuishika Torati, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake huitwa Abayudaya. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kusali kwa siri. Amin alipoondolewa mwaka 1979, imani ilikuwapo bado, kwa sababu sinagogi lilipofungwa nyumba hazikufungwa. Leo wana shule ya msingi iitwayo Hadassah, na ndani yake watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja.

Hapo ndipo najiuliza juu ya kipaimara chetu. Watoto wetu hujifunza, husimama mbele ya usharika, huulizwa maswali na kujibu bila kukosea. Tunashangilia, tunapiga picha, tunachinja mbuzi. Jumapili inayofuata wengine hawaonekani. Tumekifanya kipaimara kuwa siku ya kufunga shule.

Luther mwenyewe hakukusudia hivyo. Alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliandika kwamba ni baba wa nyumba anayepaswa kuwafundisha watu wake. Fundisho hilo ni la zamani kuliko Luther: katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anawaagiza wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu nyumbani na njiani, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akimaliza kipaimara, usiiweke Katekisimu yake juu ya kabati. Jioni ile ile, wageni wakishaondoka, ifungueni ukurasa wa kwanza, Amri Kumi, msome pamoja. Mwulize maana yake, naye akuulize wewe.