Wakili Aliyehama Ayalandi, na Sheria Yake ya Ardhi

Wengi wetu tumesoma habari za watu wa Ayalandi waliohama kwao kwa njaa. Leo twataka kueleza habari za mmoja aliyehama kwa kukata tamaa, jina lake Charles Gavan Duffy, aliyezaliwa katika mji wa Monaghan mwaka 1816.

Kwanza alikuwa mwandishi. Mwaka 1842 yeye na rafiki zake wawili walianzisha gazeti la The Nation mjini Dublin, na mwaka 1845 akapata idhini ya uwakili. Mwaka ule ule viazi viliharibika kwa ugonjwa, na katika njaa iliyofuata watu wapata milioni moja walikufa. Mwaka 1848 serikali ilimtia gerezani kwa shtaka la uasi. Lakini wazee wa baraza hawakupatana juu ya hukumu yake, hata mwaka 1849 akafunguliwa. Mwaka 1852 akaingia Bunge la London kuwatetea wapangaji wa mashamba. Hakufaulu. Basi akauza gazeti lake, na mwanzo wa mwaka 1856 akashuka Melbourne, katika koloni ya Victoria, nchi ya Australia.

Huko watu walimchangia pauni 5,000 apate kununua mali, maana asiye na mali hakuruhusiwa kuwa mjumbe wa baraza. Akachaguliwa mwaka ule ule. Na mwaka 1857 sharti lile likaondolewa kwa juhudi yake mwenyewe. Twaona ni jambo la heshima: aliyekwisha kupita mlangoni hakuufunga nyuma yake.

Lakini kazi iliyochukua jina lake ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1862. Wafugaji wakubwa wa kondoo walikuwa wameshika nchi kubwa mno kwa leseni (nao wenyeji weusi walionyang'anywa nchi ile hawakuulizwa neno, wala na Duffy). Yeye, akiwa waziri wa ardhi, alitenga eka milioni 10, ili mtu yeyote achague tangu eka 40 mpaka 640, kwa pauni moja kila eka, kwa sharti alime, au ajenge nyumba, au azungushe ua. Wafugaji wakatuma vibarua wao wakachague kwa majina yao, kisha wakawauzia mabwana zao. Na lile sharti lilimfunga mchaguaji wa kwanza peke yake. Aliyeuziwa haki hakufungwa na neno lolote. Hivyo ardhi nyingi ikarudi mikononi mwa wale wale. Ajabu ni kwamba pengo hilo lilipita mbele ya macho ya wakili! Sheria ya mwaka 1869 ndiyo iliyomtaka mtu akae kwanza shambani, ndipo apate kununua.

Duffy akawa waziri mkuu wa koloni mwaka 1871 hata 1872. Mwaka 1873 akapewa cheo cha Sir na ufalme ule ule uliomfunga. Alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1903, akazikwa Dublin. Mwanawe George, naye mwanasheria, alikuwa mmoja wa wajumbe waliotia sahihi mkataba wa Ayalandi na Uingereza mwezi wa Desemba 1921.