Julai pwani ya Adriatiki: tazama viza yako kwanza

Msikilizaji, huenda mwanao aliyeko Ulaya amekualika mkapumzike Dubrovnik, mji wa Kroatia kwenye Bahari ya Adriatiki. Julai na Agosti huko ni majira ya joto kali, vyumba hujaa na bei hupanda.

Kroatia imo eneo la Schengen tangu tarehe 1 Januari 2023, na hutumia yuro. Mtanzania au Mkenya hupaswa kuwa na viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, usingoje Juni.

Mtego uko hapa. Kutoka Dubrovnik watalii hupanda basi kwenda Kotor, Montenegro, na kurudi jioni. Montenegro haimo Schengen. Viza yako ikiwa ya kuingia mara moja, ukivuka mpaka imekwisha: begi liko hotelini, wewe uko nje. Hata barabara ya zamani ya Split hadi Dubrovnik hupita Neum, ambayo ni Bosnia. Ulizia basi linalopita daraja la Pelješac, lililofunguliwa 2022. Hilo halitoki Kroatia.

Kwenye stika ya viza, 01 ni kuingia mara moja, MULT ni mara nyingi. Omba MULT tangu unapojaza fomu.