Jina la Richmond lilivyosafiri

Mpwa wangu alipohamia Richmond, mimi niliwatangazia jamaa hapa Mombasa kuwa kijana yuko London. Kumbe yuko Virginia, Marekani! Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nilifuatilie jina lenyewe.

Asili yake wala si Kiingereza. Ni Kifaransa cha kale, kwa maana ya mlima wenye nguvu, na huko Normandy palikuwa tayari na Richemont. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mkubwa mmoja aliyekuja nao, Alan Rufus wa Brittany, alipata ardhi Yorkshire, kaskazini. Kuanzia 1071 hivi akajenga ngome juu ya jabali kando ya mto Swale. Pakaitwa Richmond.

Kusini, kwenye mto Thames, wafalme walikuwa na kasri lao mahali paitwapo Sheen. Liliungua Krismasi ya 1497. Henry VII akalijenga upya, na kwa kuwa kabla ya kutawala alikuwa na cheo cha Earl wa Richmond, ile ya Yorkshire, akalipa kasri jina hilo. Mji nao ukalifuata. Hata hivyo, Sheen haikufa: mtaa wa jirani hadi leo ni East Sheen.

Mwaka 1737 William Byrd II, tajiri wa mashamba na watumwa, alianzisha mji kando ya mto James, Virginia. Inasemekana aliona mto ukipinda kama Thames utazamwapo kutoka Richmond Hill, basi akapaita Richmond. Ilikuwa nchi ya watu wa Powhatan. Baadaye mji huo ukawa miongoni mwa masoko makubwa ya watumwa Marekani.

Mandhari ya Richmond Hill yenyewe Waingereza waliyawekea sheria ya bunge mwaka 1902, yasizibwe na majumba. Nawaonea wivu, maana kwetu vijia vya kuteremkia pwani vinazungushiwa kuta tukiangalia.

Mpwa akaniuliza, "Mjomba, na sisi je?" Nikamkumbusha Frere Town, iliyopewa jina la Sir Bartle Frere, walikowekwa watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870. Jina limo kwenye ramani. Lakini ukiwa ndani ya matatu na unataka kushuka pale penye ile kengele yao ya zamani, unamwambia konda, "Kengeleni."