Kigoda na Mlima: Masimulizi ya Milansi katika Historia ya Ufipa

Msafiri apandaye kutoka Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, hadi nyanda za juu za Ufipa hataonyeshwa hekalu la mawe wala sanamu za kale. Utakatifu wa kale wa nchi hiyo uliwekwa kwingine: katika mlima Itwelele, katika kijiji cha Milansi ambacho jina lake hufasiriwa kuwa makao ya milele, na katika simulizi ya kigoda.

Simulizi yasema kwamba Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alitoka mbinguni. Aliwaonya watu wake kuwa siku moja watafika wanawake watatu wageni. Wakafika naye yu mawindoni. Waliobaki nyumbani walilisahau onyo, wakawatolea wageni kigoda cha mfalme, na mkubwa wao akakikalia. Ntatakwa aliporejea, ufalme ulikwisha kumtoka. Yakafanyika mapatano: wanawake hao, mabibi wa ukoo wa Watwaci, wakatwaa nchi, yeye akabaki na Milansi, mlima wake na mamlaka ya ibada.

Wapo wanaoisoma simulizi hii kama kumbukumbu ya uvamizi kutoka kaskazini. Usomaji huo una upungufu, kwani ndani yake hamna vita hata kimoja. Kumpa mgeni kiti ni adabu, na ufalme ulihama kwa njia ya adabu hiyo. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikaribia zaidi kiini alipoifananisha Milansi na kichwa, na Watwaci na kiuno: ukuu upande mmoja, nguvu upande wa pili. Hata hivyo mfano wa mwili unaficha jambo la kisiasa. Simulizi ilimpa mshindi uhalali, lakini pia ilimkumbusha kila mara kwamba anakalia kiti cha mwingine.

Watwaci wenyewe baadaye waligawanyika, wakawa na falme mbili hasimu, Nkansi na Lyangalile. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alipokewa na Kapufi wa Nkansi. Wageni wa aina yake walitafuta mwenye askari na pembe za ndovu, si mwenye mlima. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu. Jina la Nkansi limesalia katika Wilaya ya Nkasi.

Milansi haikuwa na ofisi ya kufutwa. Udhaifu wake uko penginepo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitambua kwanza majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Tanuri la kufulia chuma laweza kuingia katika kipimo hicho, na Ufipa inayo mengi. Mlima ambao haukujengwa na mtu, na kigoda kinachoishi katika maneno ya wazee, ni vigumu kuingia.