Shabiki wa Msimu: Ushabiki wa Timu ya Taifa ya Soka ya Marekani na Swali la Nani Mwenyeji, 1950–2025

Tarehe 15 Februari 1998, katika uwanja wa Coliseum jijini Los Angeles, timu ya taifa ya Marekani ilicheza fainali ya Kombe la Dhahabu dhidi ya Meksiko mbele ya watazamaji 91,255. Marekani ilikuwa mwenyeji kwa mujibu wa ramani tu. Sehemu kubwa ya majukwaa ilivaa kijani, wimbo wa taifa wa Marekani ulizomewa, wachezaji wake walirushiwa vikombe na taka, na bao pekee la Luis Hernández lilipokewa kwa kishindo ambacho kwa kawaida timu hukisikia ikiwa kwao. Wachache waliofika na bendera ya Marekani walijikuta wageni katika jiji la pili kwa ukubwa nchini mwao.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu tukio hilo ni kwamba Mmarekani wa kawaida hana mapenzi na soka. Huikumbuka timu yake mara moja kila baada ya miaka minne, akaipigia kelele kwa majuma mawili, kisha akarejea kwenye mpira wa kikapu na besiboli. Makala haya hayakusudii kukanusha kwamba shabiki wa namna hiyo yupo. Yupo, na ni wengi. Kinachohojiwa hapa ni dhana kwamba hali hiyo ni tabia ya kuzaliwa nayo. Hoja inayotetewa ni kwamba ushabiki wa msimu ulijengwa na ratiba za mashindano, na televisheni, na kwa kiasi kisichosemwa vya kutosha, na maamuzi ya wasimamizi wa mchezo wenyewe kuhusu ni raia gani ahesabiwe kuwa mtu wa nyumbani.

Istilahi inahitaji ufafanuzi mfupi. Kiswahili kinamtambua mpenzi wa timu, shabiki, na shabiki kindakindaki ambaye hali wala halali timu yake ikifungwa. Kwa yule anayekuja na kuondoka hakuna jina lililokubalika, na katika mazungumzo hutajwa kwa kejeli zaidi kuliko kwa maelezo. Makala haya yanamwita shabiki wa msimu, bila kejeli. Kwa mwanahistoria mtu huyu ni mgumu kumfuatilia. Vikundi vilivyojiandikisha, kama vile Sam's Army kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na American Outlaws kilichoanzishwa mwaka 2007 katika mji wa Lincoln, Nebraska, viliacha majina, mabango na kumbukumbu. Shabiki wa msimu hakuacha chochote isipokuwa kipande cha tiketi na nafsi yake moja ndani ya takwimu za watazamaji. Ndiyo maana historia ya ushabiki wa Marekani imeelekea kuandikwa kwa kuwafuata waliojipanga, na wengine wakabaki kuwa mandhari.

Turejee nyuma. Tarehe 29 Juni 1950, mjini Belo Horizonte, Marekani iliifunga Uingereza bao 1–0 katika Kombe la Dunia, bao likiwa la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Mwandishi mmoja tu wa habari kutoka Marekani alikuwapo uwanjani: Dent McSkimming wa St. Louis Post-Dispatch, aliyekuwa likizoni na aliyejilipia safari mwenyewe. Si ajabu kwamba alitoka St. Louis. Wachezaji watano kati ya kumi na mmoja waliocheza siku hiyo walikuwa wa mji huo, akiwamo mlinda mlango Frank Borghi. Soka haikuwa ngeni Marekani. Ilikuwa hai katika mitaa ya wahamiaji, viwanda na parokia za miji michache, na haikuwa na njia ya kutoka mtaani hadi kwenye taifa. Timu ya taifa ilikusanywa, ikacheza, ikatawanyika. Baada ya 1950 haikufuzu tena kwa miaka 40. Haiwezekani kuwa shabiki wa kudumu wa kitu kisichodumu.

Jaribio la kuliondoa tatizo hilo lilifanywa mwaka 1983, na linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu lilikuwa la ajabu. Timu ya taifa iligeuzwa kuwa klabu, ikaitwa Team America, ikapewa makao katika uwanja wa RFK jijini Washington na kuingizwa katika ligi ya kulipwa ya NASL. Mantiki yake ilieleweka: ikiwa raia wanaisahau timu kwa sababu hawaioni, basi waioneshwe kila wiki. Lakini baadhi ya wachezaji bora wa Kimarekani, akiwamo Rick Davis wa Cosmos, walibaki katika klabu zao; timu ilishinda michezo 10, ikapoteza 20, ikashika mkia na kuvunjwa baada ya msimu mmoja. Siku iliyoujaza uwanja kwa watu zaidi ya 50,000 ilikuwa siku ambayo bendi ya Beach Boys ilitumbuiza. Ligi yenyewe ilikufa muda mfupi baadaye. Funzo ambalo wasimamizi wangeweza kulipata ni kwamba shabiki wa msimu huitika mwito wa tukio, na kwamba wingi wa michezo peke yake haulizai tukio.

Walichokutana nacho miaka miwili baadaye kilikuwa kigumu zaidi kukimeza. Tarehe 31 Mei 1985, mjini Torrance, California, Marekani ilihitaji sare tu dhidi ya Kosta Rika ili isonge mbele katika kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 1986. Ilifungwa 1–0, na wengi wa waliohudhuria walikuja kuwashangilia wageni. Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, panapoanzia hofu iliyoongoza maamuzi ya miaka iliyofuata: hofu kwamba umma wa Marekani unaoijua soka si umma wa timu ya Marekani.

Kombe la Dunia la 1994 lilionekana kuifuta hofu hiyo. Jumla ya watazamaji 3,587,538 waliingia viwanjani, wastani wa karibu 69,000 kwa mchezo. Tarehe 22 Juni, watu 93,869 walikuwa Rose Bowl wakati Marekani ilipoifunga Kolombia 2–1. Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, zaidi ya 84,000 walikuwa Stanford kuiona ikifungwa 1–0 na Brazili. ABC na ESPN zilirusha michezo bila kuikatiza kwa matangazo ya biashara, nembo za wadhamini zikiwekwa kando ya saa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini katika Kombe la Dunia lililotangulia mtazamaji wa TNT alikuwa akikatiziwa mchezo ukiendelea. Mtu anayeuona mchezo kwa mara ya kwanza huku ukikatwakatwa hawezi kulaumiwa kwa kutouelewa.

Hata hivyo, miaka minne tu baadaye ilikuja ile fainali ya Coliseum. Shirikisho lilikuwa na njia mbili za kuitafsiri. Njia ya kwanza ilikuwa kukiri kwamba umati ule wa kijani, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wakazi wa California na si wasafiri, ulikuwa na watu wanaojua soka, wanaolipa kiingilio, na ambao watoto wao wangeweza kuwa mashabiki na hata wachezaji wa Marekani. Njia ya pili ilikuwa kuwakimbia. Mchezo wa kufuzu dhidi ya Meksiko wa tarehe 28 Februari 2001 ulipelekwa Columbus, Ohio, katika uwanja mdogo uliofunguliwa mwaka 1999, katikati ya majira ya baridi. Watu 24,624 walihudhuria, takribani robo ya wale wa Los Angeles, na Marekani ikashinda 2–0. Ushindi kwa matokeo hayohayo ulijirudia katika uwanja huo mwaka 2005, 2009 na 2013, hata idadi ya mabao ikageuka kuwa wimbo wa mashabiki, ukiimbwa, kwa kinaya, kwa Kihispania.

Kiufundi uamuzi huo hauna doa. Kila shirikisho hutafuta uwanja unaolifaa, na Meksiko yenyewe ilinufaika kwa miongo mingi na kimo na joto la Azteca. Lakini gharama yake haikuandikwa katika msimamo wa makundi. Columbus ilimzalia shirikisho shabiki kindakindaki, mwenye skafu na ngoma, na wakati huohuo ikaufanya mchezo muhimu kuliko yote ya nyumbani kuwa mchezo wa watu wachache waliopata tiketi. Shabiki wa msimu aliachiwa televisheni. Shabiki wa Los Angeles, ambaye pengine angeweza kuwa na bendera mbili nyumbani, alifahamishwa bila kutamkiwa kwamba timu inacheza vizuri zaidi akiwa mbali. Msururu wa ushindi ulikatika tarehe 11 Novemba 2016, siku tatu baada ya uchaguzi wa rais, Rafael Márquez alipoifungia Meksiko kwa kichwa katika dakika ya 89 na mchezo kuisha 2–1. Kabla ya kuanza, timu zote mbili zilipiga picha moja ya pamoja.

Kuhusu televisheni ushahidi ni mwingi zaidi, japo una mitego. Mwaka 2002 Marekani ilifika robo fainali huko Korea Kusini. Kwa saa za pwani ya mashariki, mchezo dhidi ya Ureno ulianza saa kumi na moja alfajiri, wa Meksiko saa nane na nusu usiku, na wa Ujerumani saa moja na nusu asubuhi, siku ya kazi. Aliyeamka kuitazama alikuwa amechagua kuamka. Mwaka 2010, bao la Landon Donovan dhidi ya Algeria katika muda wa nyongeza lilizaa aina mpya ya chanzo: video walizojirekodi watu katika baa za miji mbalimbali, zikaunganishwa na kusambazwa mtandaoni. Hapo shabiki wa msimu anaonekana uso kwa mara ya kwanza, akiwa na sare ya kazini, akimkumbatia asiyemjua. Mwaka 2014 mchezo wa sare ya 2–2 dhidi ya Ureno ulitazamwa na watu wapatao milioni 24.7 kwa kujumlisha ESPN na Univision. Takwimu za wakati huo zilipima nyumba. Maelfu waliojazana Grant Park jijini Chicago hawamo. Aidha, kuzijumlisha hesabu za Kiingereza na Kihispania ni desturi ya hivi karibuni kiasi. Kwa muda mrefu mtazamaji wa Univision alihesabiwa kando, kana kwamba anatazama timu nyingine.

Timu ya wanawake inaipima hoja hii kwa ukali. Tarehe 10 Julai 1999 watu 90,185 waliijaza Rose Bowl kuiona ikiishinda China kwa mikwaju ya penalti, katika eneo lilelile la Los Angeles lililokuwa limeogopwa mwaka mmoja tu nyuma. Fainali ya 2015 dhidi ya Japani ilitazamwa na watu milioni 25.4 kupitia Fox pekee. Wengi wao walikuwa mashabiki wa msimu kwa kipimo chochote, na ligi ya WUSA iliyotarajia kuishi kwa kuwategemea ilikufa mwaka 2003 baada ya misimu mitatu. Hivyo si sahihi kudai kwamba shabiki wa msimu, akikaribishwa, hubaki. Lakini wachezaji waliposhtaki Machi 2019 wakidai malipo sawa, mapato yaliyoletwa na umati huohuo yalikuwa sehemu ya hoja yao, na mwaka 2022 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 24. Watu waliodharauliwa kwa kuja mara moja kila miaka minne waliacha alama katika mkataba wa kazi.

Kwa wanaume, mnyororo ulikatika tarehe 10 Oktoba 2017 mjini Couva, kwa kufungwa 2–1 na Trinidad na Tobago. Athari yake kwa shabiki kindakindaki ilikuwa hasira. Kwa shabiki wa msimu ilikuwa ukimya. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati wa Kombe la Dunia la 2014 alikuwa na miaka 16 timu iliporejea mwaka 2022. Urithi wa ushabiki unaotegemea mashindano ya miaka minne ukikosa zamu moja, hukosa kizazi.

Machi 2025, katika nusu fainali ya Ligi ya Mataifa katika eneo la Los Angeles, Marekani ilifungwa 1–0 na Panama mbele ya viti vingi vitupu. Vilianza kujaa baadaye, ulipokaribia mchezo wa Meksiko na Kanada. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dhahabu dhidi ya Guatemala, ikashinda 2–1. Uwanja ulikuwa mdogo, wa aina ileile ya Columbus, na safari hii haukusaidia: majukwaa yalitawaliwa na bluu na nyeupe ya Guatemala, na kila mpira ulioelekea lango la Marekani ulishangiliwa. Mchezo huo ulichezwa St. Louis, mji wa McSkimming na Borghi.